Majibu Matatu ya Fundi Kasimiri

Fundi Kasimiri wa Mahongole, Makambako, hakuwa mtu wa maneno. Mteja akisifu kabati, yeye hulipapasa lile kabati mgongoni, kana kwamba ndilo lililojitengeneza. Kiingereza alikiacha darasa la saba, na hawakuagana vizuri.

Ndipo binti yake Oliva akapata mchumba Mzambia, na baba wa mchumba, Bwana Chilufya, akatuma salamu kwamba anakuja Makambako kuwaona. Kiswahili hajui.

"Baba, ukikaa kimya atadhani humtaki mwanawe," Oliva alisema. "Anaweza kughairi."

"Sasa mimi nitaongea nini, mwanangu?"

"Usiongee. Sikiliza habari zake, kisha uzijibu."

Akamwandikia majibu matatu kwenye kipande cha ubao. La habari njema: "Congratulations." La habari mbaya: "I am sorry to hear that." La habari isiyoeleweka: "Is that so?" Wiki nzima Kasimiri alipiga randa huku akiyatamka. Jirani yake Ebeneza, aliyesoma sekondari Njombe na ndiye mshenga na mkalimani, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Fundi, mbuzi wangu kazaa!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Congratulations!"

"Kazalia kwenye kabichi zako."

"Is that so?"

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mrefu, kavaa suti ya kijivu, anachechemea kidogo. Ebeneza alitafsiri vizuri mpaka ilipogundulika kwamba soda zimesahaulika. Akarukia bodaboda kuzifuata. Oliva, kwa desturi, hakuruhusiwa kutokea mbele ya mkwe kabla hajaitwa, kwa hiyo alikuwa jikoni na mama yake, Oktavia. Sebuleni wakabaki wazee wawili na saa ya ukutani.

Bwana Chilufya akaanza kusimulia. Kasimiri alidaka moja moja: treni. Kazi. Miaka thelathini na minne. Mwezi uliopita, basi, imekwisha. Mgeni akatabasamu, akanyoosha mkono kuonyesha saa inayong'aa aliyopewa na wenzake alipostaafu.

Hapa jibu lilikuwa lile la kwanza. Hata ubao ungejua. Lakini Kasimiri aliona jinsi mgeni alivyokuwa akisugua goti huku akitabasamu. Na huku kwao mtu aliyetoka kazini, hata kama amepalilia mstari mmoja tu wa maharage, hupewa pole kabla ya jambo lolote. Sembuse miaka thelathini na minne! Ulimi ukamtangulia.

"I am sorry to hear that," alisema, kwa moyo wote.

Jikoni kijiko kikaanguka. Tabasamu la mgeni likazimika. Alimtazama Kasimiri, kisha akaitazama saa yake. Kasimiri akaona amevunja uchumba wa mwanawe kwa maneno sita.

Aibu ikamwinua kitini. Akalionyesha goti la mgeni, akaonyesha la kwake, lililopigwa juu ya mbao maisha yote. Akaigiza kupiga randa, akaigiza kuendesha treni, akafuta jasho ambalo halikuwepo. Mwisho akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili, akaongeza, "Congratulations."

Ebeneza aliporudi na kreti la soda aliwakuta bado wameshikana, mgeni anafuta macho. Alimsikiliza mgeni, akatafsiri.

"Anasema siku ya kumuaga watu kumi na mmoja walihutubia. Wote walimpongeza, hakuna aliyesikitikia magoti yake. Anauliza, ninyi hilo mnalisemaje?"

"Pole," Kasimiri alinong'ona.

Bwana Chilufya akalipenda neno. Akampa pole Ebeneza kwa kubeba kreti, akampa pole mama Oliva kwa moshi wa jikoni. Oliva alipoitwa, mgeni akamshika mkono, akampa pole kwa mume anayekuja kumchukua. Nyumba nzima ikacheka, na Oliva akamtazama baba yake kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Kisha kuku akaletwa mezani, mzima, amekaangwa vizuri. Bwana Chilufya akamwinamia.

"Pole sana."

"Is that so?" alijibu Kasimiri, kwa niaba ya kuku.