Parashuti ya Luteni Kalenga

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi, nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kanisani na nimebeba mkasi wangu mwenyewe, maana niliambiwa wanatafuta mshonaji. Mkuu wa karakana, askari mnene wa cheo cha Ajida mwenye sauti ndogo, aliutazama ule mkasi, akaniambia niuweke dirishani na nisiuguse mpaka saa ya kurudi nyumbani. Kisha akanipeleka kwenye meza ambayo sikuwahi kuona mfano wake, ndefu kuliko nyumba ya baba yangu, na juu yake kimelala kitambaa cheupe chepesi.

"Huku hatukunje nguo," akasema. "Huku tunakunja muntu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani.

Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu kazi yangu ilikuwa kukunja parashuti. Ninyi vijana mkiziona angani mnafikiri kazi yote ni ya yule anayeruka. Haya, fikirini hivyo. Lakini kabla yake kuna mtu aliyesimama mezani akanyoosha kitambaa upande kwa upande, akazilaza zile kamba, ambazo kwa Kifaransa chetu tuliziita suspanti, zisivukane hata moja, akafunga mfuko na kuacha nje kishikio peke yake, kile cha kuvuta ukiwa hewani. Tena parashuti isiyotumika nayo huchoka. Kitambaa kikikaa kimekunjwa muda mrefu kinagandana. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa tuliifungua, tukaitundika katika mnara wa kukaushia ipate hewa, halafu tukaikunja upya. Ndiyo maana kila rubani alikuwa na mbili: moja mgongoni, nyingine mnarani ikipumzika.

Kulikuwa na sharti moja. Kila mkunjaji lazima aruke. Ajida aliingia, akachukua parashuti yoyote uliyoikunja wewe, akakuambia vaa. Baba yangu, karani wa stesheni na mzee wa kanisa la Wamethodisti, hakuogopa kwamba nitavunjika mguu. Aliogopa suruali. Alikwenda kumwuliza mchungaji kama ni halali binti wa mzee wa kanisa aonekane angani amevaa suruali, na mchungaji akamjibu kwamba huko angani ndiko hasa suruali inakohitajika. Nikaruka. Nilipotua kwenye majani nilicheka peke yangu, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza mwanamke anatafuta nini kwenye meza ile.

Ajida alistaafu. Akaja Sajenti Meja aliyetufagilisha sakafu kutwa, kisha Kapteni aliyesoma Ulaya, ambaye aliniachia meza nami nikamwachia ofisi, tukapatana vizuri sana. Serikali ikabadilika, bendera ikabadilika, nchi yenyewe ikabadilishwa jina. Meza ilibaki ile ile, na mwisho mimi ndiye nikawa mkuu wake.

Luteni Kalenga alifika vita ilipokuwa imeshatukaribia, mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa mtoto wa Bukama, mwembamba, ametoka mafunzoni juzi juzi, na alirusha zile ndege ndogo za propela zenye roketi chini ya mabawa. Kila alipokuja kuchukua parashuti yake aliipigapiga kama mtu anayenunua tikiti maji, akaniuliza kama nimeikunja pamoja na maombi. Nilimjibu kwamba nimeikunja kwa mikono, maombi afanye mwenyewe. Aliniletea samaki wa kukaushwa kutoka kwa mama yake, akaniita mama, na mimi nilimpenda. Marubani wengi walinisalimu wakitazama saa. Yeye aliketi.

Asubuhi moja walitumwa yeye na mwenzake, kila mmoja na ndege yake, wakawalinde kutoka angani askari wetu waliokuwa wanarudi nyuma kando ya reli. Ndege ikarudi moja. Mwenzake alieleza mbele yetu sote kwamba Kalenga alishuka chini sana, karibu na miti, ili adui amfyatulie yeye na wale wa chini wapate kupita. Walipita. Yeye akapigwa. Mwenzake akamaliza kwa kusema hakuona parashuti ikifunguka.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotembea. Kufika jioni, kwenye nyumba za askari, wanawake walikuwa wanauziana mkaa na habari kwamba parashuti ya Kalenga ilikataa kufunguka. Kesho yake ilikuwa ni kosa la kukunja. Keshokutwa ilikuwa ni mimi. Nilipita sokoni wanawake wakanipa mgongo, na niliumia, kwa sababu mwili haukurudi wala mfuko haukurudi, na sikuwa na cha kuwaonyesha.

Mama yake Kalenga alikuja kwa treni kutoka Bukama. Uvumi ule ulikuwa umemfikia kabla hajashuka. Ndugu aliofuatana nao walituambia kwamba amekataza matanga nyumbani, hataki mtu amlilie mwanawe mpaka ajue nani amemwua. Yeye mwenyewe hakuwa ametoa chozi. Aliingia karakana na kitenge chake kimefungwa imara kiunoni.

"Weye njo ulikunja parashuti ya mutoto wangu?"

"Ndiyo mama. Minyi njo niliikunja."

"Minyi nauzisha samaki," akasema. "Muteja akisema samaki yangu iko mubaya, nakata kipande, nakula mbele yake. Ile parashuti yako, weye unaweza kuivala?"

Nilimwambia naweza. Nilijibu kabla sijafikiri, na nilipofikiri jibu lilikuwa lile lile.

Wiki hiyo askari wa miavuli walikuwa na zoezi la kuruka. Nilikwenda kwa Komanda wa base nikaomba nafasi ndani ya ndege yao. Alinitazama magoti, ambayo yalikuwa yameanza kunilalamikia, akaniuliza nikivunjika yeye ataandika nini.

"Andika nilikuwa ku kazi, mon commandant," nikasema. Akakubali.

Niliishusha kutoka mnarani parashuti ya pili ya Luteni Kalenga, nikaikunja mbele ya mama yake. Alisimama upande wa pili wa meza mikono kifuani, akauliza kila kitu: hii ni nini, hii inashika wapi, hii ikikatika inakuwaje. Alikuwa na jicho la mtu anayechambua samaki. Nilipofunga mfuko nilimpa aubebe mwenyewe mpaka kwenye ndege, asije akasema nimeubadilisha njiani.

Niliruka wa mwisho, baada ya vijana wote. Niliogopa, sitawadanganya. Nilikiogopa kile kishindo cha ardhi, kitambaa sikukiogopa. Nikavuta kishikio, nikasikia ule mvuto mabegani ninaoujua, nikainua macho, na juu yangu kitambaa kilikuwa kimefunguka chote, cheupe, bila kamba hata moja kuvukana. Nilijivuna. Nilijivuna kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na wakati huo huo nilikuwa nalia.

Nilitua kando ya uwanja, goti likapinda. Mama yake alikuja akivuka majani bila viatu, na nyuma yake wanawake wa base, wale wale wa sokoni. Alikishika kitambaa. Akazungusha kamba mkononi akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikakaa imara.

"Basi haikukatala kufunguka," akasema.

"Haikukatala, mama. Alikuwa chini sana. Hakupata nafasi ya kuvuta."

"Na bale basoda?" akauliza, yaani wale askari wa kando ya reli.

"Balifika. Bamoja njo hawa balioruka na minyi."

Aliwatazama wale vijana waliokuwa wanakusanya vitambaa vyao. Kisha akakaa chini, katikati ya parashuti, akamwita mwanawe jina lake la utotoni, na akalia. Wanawake wakakaa naye, mmoja mmoja. Katika kazi yetu hakuna anayeruhusiwa kukanyaga parashuti, sembuse kukaa juu yake. Mimi mkuu wa meza nikakaa nami. Matanga ya Luteni Kalenga yalianzia pale.

Sasa nimestaafu. Vijana wa karakana wakinitembelea huniuliza kazi ipi ninayojivunia, na wanategemea niwatajie wakubwa ambao wamepanda ndege na mikunjo yangu mgongoni. Nawatajia luteni ambaye sikumwokoa. Wengine wanashangaa. Nawaambia mkunjaji hachagui vita, wala hachagui umbali wa ndege kutoka kwenye miti. Kalenga alishuka chini kwa ajili ya wenzake, akafa kama askari, na siku hiyo alikuwa na parashuti nzuri mgongoni. Niliikunja mimi.