Mlio Mmoja Kutoka Mbuga ya Mkata

Wenzangu mliokulia milimani enzi za Mdachi, mnaukumbuka ule mlio? Sisemi hivi vibunduki vya siku hizi vinavyolia pa-pa-pa kama bisi chunguni. Nasema ile bunduki kubwa ya risasi moja, ambayo ikilia huko chini mbugani hukuisikia kwa masikio tu, uliisikia kifuani. Tuuu! Mlima unaupokea mlio, unaupeleka bonde la pili, na mbwa wote wa Mlali wanaanza kubweka. Siku isiyo na upepo ungeuona hata moshi wake, mweupe, umekaa juu ya nyasi hautaki kuondoka.

Mimi nililelewa na mjomba wangu Selemani, kaka wa mama. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na baba alichukuliwa upagazi akaenda bara na mizigo ya watu, hakurudi. Kwetu Waluguru jambo hilo halikuhitaji kikao. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, basi mjomba ndiye mwenye mtoto. Nyumba ya mjomba ilikuwa juu kabisa, mashamba yanapoishia, mahali ambapo ukungu ukiingia asubuhi huoni hata kuku wako. Watoto wenzangu walikuwa bonde la chini. Nilicheza mdako peke yangu, mkono wa kulia unashindana na wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa mwizi, wallahi.

Mjomba na mkewe Zena hawakujaliwa mtoto. Yeye Zena alitoka Matombo, ng'ambo ya mlima, ukoo mwingine kabisa. Kwa haki alikuwa mkaza mjomba wangu, lakini mimi nilimwita mama, na aliitika. Alikuwa mwanamke wa mdomo, asiyenyamaza hata akitafuna. Magimbi yake ya kuchemsha, na maharage yaliyokaa motoni tangu alfajiri, sijapata kuyala tena kwa mtu mwingine, na binti zangu wakisikia nikisema hivyo hununa.

Bunduki haikuwa ya mjomba. Ilikuwa ya bwana mmoja Mdachi aliyelima mpira kule chini, aliyemwajiri mjomba awapigie vibarua nyama na kufukuza nguruwe shambani. Ilikula risasi moja tu. Unafungua, unatia risasi nene kama kidole gumba, unafunga, unapiga. Halafu ufungue tena ganda litoke, ndipo utie nyingine. Katikati ya hapo wewe na mnyama mnatazamana. Vijana wa leo wenye kutaka kila kitu chapuchapu wasingeiweza hata siku moja, wangekuwa wameshaliwa.

Na teke ilikuwa nalo! Mjomba akirudi, bega limevimba, mama Zena anamkanda kwa mafuta ya nyonyo huku anasema, "Leo tena mke mwenzangu kakupiga? Mimi sijakuinulia mkono hata siku moja, lakini yule ndiye unayemlaza kichwani pako." Maana kweli bunduki ililala kitandani upande wa kichwa, imefungwa kwenye kaniki. Mjomba hakuwa mtu wa maneno, lakini hapo alikuwa akicheka mpaka bega linamuuma zaidi.

Kila iliporudi kutoka mbugani ilikuwa lazima ioshwe. Baruti ya siku zile ilikuwa na uchafu, na uchafu huo ukilala ndani ya chuma, chuma kinashika kutu. Kwa hiyo nachemsha maji, mjomba anayamimina kwenye mtutu, yanatoka meusi yenye harufu ya yai viza, tena na tena mpaka yatoke meupe, kisha anapitisha kitambaa na mafuta. Mama Zena akiwa jikoni anauliza, "Bi Mkubwa kesha koga? Sasa na sisi tule?"

Sasa nieleze miiko, maana watoto wa siku hizi nikiwaambia wanacheka. Mwindaji akiwa porini, nyumba yake hufungwa. Si mlango, nyumba. Mkewe hatwangi, hafagii uwanja, hagombani na mtu, hapokei mgeni. Kubwa kuliko yote, moto hautoki. Jirani akija na kigae kuomba kaa la moto unamwambia arudi baadaye, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Moto ukitoka, nguvu ya mwenye nyumba imetoka nao. Siku hizo tulikaa kizingitini, mimi na mama Zena, tunasikiliza. Hata yeye wa mdomo alinyamaza. Upweke wa siku zile siwezi kuueleza. Nilikuwa nasikia mchwa wakitafuna boriti.

Tulikuwa tunasikiliza milio. Mmoja ukilia na kukawa kimya, ameua, nyama inakuja. Miwili ikifuatana, amekosa au amejeruhi, hapo mama Zena anashika tasbihi. Na kwao Matombo, alivyolelewa yeye, miiko huisha mlio ukisikika. Wazee wa ukoo wetu walisema hapana, huisha bunduki ikirudi na kuegemezwa ukutani. Miaka yote yeye alifuata ya kwao. Ukilia mmoja, anapiga vigelegele, anachukua mchi, tumefunguliwa. Hakuna aliyemsema, kwa sababu nyama ilikuja, na wazee wenyewe waliila.

Basi siku moja mjomba alirudi jioni na kongoni, kalowa mvua, akakuta rafiki zake wanamngoja waende ngomani. Mama Zena akamwambia, "Baba, bunduki haijaoshwa." Akajibu, "Kesho." Nilikuwa nimeshateleka maji, nikayaepua. Alfajiri akaja mtu mbio kutoka shambani, nyati wameonekana karibu na mto. Mjomba akaichukua bunduki kama ilivyolala, akateremka.

Tukafungwa. Mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka kwenye majani ya migomba, mbuga yote iko wazi chini yetu. Jua lilipopanda ukalia mmoja. Tuuu! Tukangoja. Kimya. Mama Zena akaruka, vigelegele, akanishika mikono tukazunguka uwanjani kama vichaa. Haikupita muda akaja jirani yetu wa bondeni, mama Mwanaidi, na kigae mkononi. Mvua ilikuwa imezima moto wake na mtoto ana homa, hana hata uji wa kumpa. Mama Zena akamkokea makaa mekundu, akaongeza na kijinga cha moto. "Chukua, mwenzangu, chukua. Bwana ameshapiga."

Walimleta alasiri kwa machela. Paja lilikuwa limepasuliwa, mfupa unaonekana. Mwenzake waliyekwenda pamoja alieleza kwamba risasi ilimpata nyati lakini haikumwangusha, naye akageuka. Mjomba akafungua bunduki, ganda halikutoka. Akalipiga kwa kiganja, halikutoka. Akaipiga bunduki kwa jiwe, nyati amefika. Sisi huku juu tulikuwa tunacheza.

Alipona kwa kuwa siku zake hazikufika, lakini mguu haukukunjika tena. Alipoweza kukaa, wazee wa ukoo wakaja uwanjani kwetu. Aliyewaongoza alikuwa Babu Kondo, mjomba wa mjomba. Akaja pia msimamizi wa shamba, mtu wa pwani, na kiboko chake kakiweka mapajani. Yeye hakuja kwa habari ya moto. Alitumwa na bwana wake aulize kama bunduki ilitunzwa. Na nyie wenzangu mnajua nini kilimpata mtu aliyeharibu mali ya Mdachi. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kumtoa mtu ngozi, awe mzima awe mgonjwa.

Babu Kondo alisema, "Bunduki ya Mdachi haikwami hivi hivi. Nani alitoa moto?"

Mama Zena akasema, "Mimi, babu. Mlio ulikwisha kulia."

"Huo ni mwiko wa kwenu. Hapa uliolewa."

Hakujibu. Yule mwanamke wa mdomo, jamani, hakujibu! Nikamtazama mjomba, nikamwona anautazama mguu wake. Wazee wakaanza kunong'ona, nikasikia neno "arudishwe kwao." Sikujua nimesimama saa ngapi. Nikasema kwa sauti, "Shikamooni babu zangu, siyo moto. Bunduki haikuoshwa jana yake. Maji niliteleka mimi, nikayaepua mimi."

Msimamizi akainua kichwa, akamgeukia mjomba taratibu. "Selemani. Bunduki haikuoshwa?"

Aliyejibu ni mama Zena. "Ilioshwa, bwana. Maji nilichemsha mimi kwa mkono wangu. Huyu mtoto alikuwa amelala, kaota." Akanigeukia, macho makavu kabisa. "Mwajuma, watoto hawasemi uongo mbele ya wazee. Omba radhi."

Nikaomba radhi. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa kusema kweli, na nilimchukia siku ile kuliko nilivyopata kumchukia mtu. Msimamizi akaondoka na jibu lake, na bunduki akaondoka nayo. Wazee wakatoa hukumu kwamba mke aliyetoa nguvu ya mume nje hafai kukaa juu ya ardhi ya ukoo. Mjomba angeweza kusema neno moja, apoteze ngozi yake abaki na mkewe. Akanyamaza. Sitaki kumhukumu, kalala kaburini, lakini nimeolewa na nimezeeka na bado naliuliza jambo hilo nikiwa napepeta mchele.

Mama Zena alipoondoka nilimfuata mpaka njia inapoanza kupanda kuelekea msituni. Nikamwambia nakwenda naye Matombo. Akautua mzigo wake. "Huwezi, mwanangu. Wewe ni wa ukoo huu, mimi siyo. Wakikufuata kwetu itakuwa vita." Kisha akanishika masikio kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa na utukutu. "Ulisema kweli. Usiiseme tena. Ule mguu haungestahimili kiboko." Akajitwisha, akaenda.

Tukabaki wawili, mimi na mjomba. Nyumba yenye watu wawili wanaojua jambo moja na hawalisemi ni nyumba ya kimya kibaya. Bwana wa mpira akapata mwindaji mwingine, na mlio ukilia kule chini mjomba alikuwa akigeuza uso, anatazama ukuta. Ukoo ukamtafutia wake wengine, akakataa wote. Nilipika mimi, na nilipika vibaya, naye alikula bila kusema.

Nikavunja ungo, nikawekwa ndani kuwa mwali, kama tulivyowekwa sote, miezi juu ya miezi kwenye giza, ngozi inapauka. Shughuli zile mkaza mjomba ndiye angekuwa wa karibu yangu. Nilifundwa na wanawake nisiowazoea. Nilipotolewa nje na kuchezwa ngoma, jambo la kwanza nililomwambia mjomba ni kwamba nataka kwenda Matombo. Aliusugua mguu wake kwa kiganja. Halafu akasema, "Msalimie."

Nikauvuka mlima na wachuuzi waliokuwa wakipeleka tumbaku. Nikamkuta. Ameolewa tena na mjane mwenye binti mkubwa kama mimi nilivyokuwa nilipoachwa. Alinikumbatia akalia, akanishika uso, akasema nimekuwa mama yangu mtupu. Nikampa salamu. Akauliza, "Mguu unamuuma wakati wa mvua?" Nikasema unamuuma. Akasema, "Mkande na nyonyo, uyapashe moto kwanza," na hapo akamaliza habari za mjomba.

Kisha akanitandikia mkeka mpya. Akamkamata jogoo, akamwomba mumewe achinje. Nikainuka nichukue mtungi niende kisimani, kama mtoto wa pale, akaniwahi akautoa mkononi mwangu. "La, la, kaa. Wewe mgeni." Akaufuata mlango, akamwita yule binti kwa ile sauti kali iliyokuwa ikinitoa usingizini kila asubuhi ya utoto wangu: "We! Maji hayo yatajileta yenyewe? Ondoka hapo!" Binti akaondoka kwa kununa, akiburuta miguu. Nikamwonea wivu nikashindwa hata kuficha. Jogoo yule aliungwa kwa nazi, nikapewa firigisi, nikala huku machozi yananidondokea sahanini, na mume wa watu akadhani pilipili imezidi.

Hawa wajukuu zangu wanalalamika. Ukimwambia mmoja alete kuni, anakuuliza kwa nini siyo kaka yake. Ukimtuma dukani, anajifanya hasikii, redio iko sikioni. Wakienda kwa watu wanataka wachinjiwe kuku, na wasipochinjiwa wanarudi na maneno. Nawasikiliza tu. Wao ni wema, wananiheshimu, wamenikataza kazi zote. Nikigusa ufagio wananyang'anya, nikishika ndoo wanapiga kelele, "Bibi, kaa, pumzika!" Basi nakaa. Kutwa nakaa barazani kwangu mwenyewe kwenye kiti kizuri chenye mto, na katika dunia nzima hakuna aliyebaki hai wa kunituma maji.