Ndoo Mbili za Mama Jaeok

Ma Gil-rye, ambaye kijiji kizima cha Sorigae kilimwita Mama Jaeok kwa jina la mwanawe wa kwanza, alichimba minyoo ya chambo kwenye matope ya pwani yao kwa miaka arobaini, na miaka yote hiyo alishuka na ndoo mbili. Wanawake wenzake walibeba ndoo moja moja. Yeye mbili, nyekundu na ya buluu. Kila mnyoo aliyemchomoa alimshika kidogo, akakunja uso kama mtu anayeonja chumvi, kisha akamtia katika ndoo yake. Ukichungulia ndani ya ndoo hizo, tofauti hakuna hata ya dawa: wekundu ule ule, urefu ule ule, vijiguu vile vile kama nywele za brashi. Lakini ole wako uwachanganye.

"Hawa ni aina mbili," alikuwa akisema. "Nyie mikono yenu imekufa ganzi tu."

Watu walimcheka mpaka wakachoka, wakaendelea kumcheka kwa mazoea. Aliyemcheka zaidi ni mumewe, Tak Pan-su, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, bwana aliyegawa vibali vya kuchimba matope kwa miaka ishirini na miwili bila yeye mwenyewe kuyakanyaga hata siku moja. Tumbo mbele, kalamu mfukoni. Siku Mama Jaeok aliposimama kwenye mkutano wa chama na kuomba iandikwe kwamba pwani yao ina minyoo ya aina mbili, Pan-su alipiga meza kofi.

"Mnyoo ni mnyoo! Zikipatikana aina mbili, nachemsha sosi ya soya hapa, kwenye kiganja changu!"

Hicho ndicho kiapo cha watu wa kule, na kwa kawaida mtu akishakitamka hakuna anayeleta sosi. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Jaeok hakucheka. Alimgeukia katibu, akamwuliza, "Umeandika?" Katibu, maskini, alikuwa ameandika.

Basi mwezi wa kumi akatokea Daktari Pyo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani mikubwa, buti za mpira zinamzidi miguu. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa minyoo, kutoka chuo kikuu. Aliwaeleza wanawake pale ufukweni kwamba minyoo wa baharini wanaweza kufanana kama pacha na wasiwe ndugu hata kidogo, na kwamba jicho haliwezi kuwatenganisha. Inabidi ukate kipande kidogo cha nyama ukasome vinasaba vyake.

Mama Jaeok alimshika mkono akaung'ang'ania. "Mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote?"

Na muda wenyewe ulikuwa umekwisha. Goti lake la kulia lilikuwa limelika, Jumatatu anakwenda mjini kupasuliwa, na daktari wa magoti alishamwambia wazi: bibi, matope basi, maisha. Kwa hiyo Jumapili alishuka mara ya mwisho, Daktari Pyo nyuma yake amebeba ndoo. Akachimba minyoo ishirini, kumi wa ndoo nyekundu, kumi wa ndoo ya buluu. Kila mmoja akaingia katika kichupa chake, vifuniko vyekundu na vya buluu. Spiriti ya daktari ilikuwa imemwishia visiwani alikopitia kwanza, basi wakanunua dukani pombe ya soju, ile kali ya kulowekea mizizi.

"Itawahifadhi mpaka nirudi kuwachukua," alisema Daktari Pyo. "Wiki mbili tu, bibi."

Wakavipanga vichupa ndani ya jokofu la kimchi, nyuma ya kabichi zilizochachushwa kwa chumvi na pilipili. Asubuhi yake Mama Jaeok akiwa mlangoni na begi lake alipaza sauti: "Baba Jaeok, vitu vyangu vya kwenye jokofu usiviguse!" Pan-su alikuwa anatazama mieleka kwenye runinga. Aliitikia "Ee," kama anavyoitikia kila kitu.

Sasa, mwanamume wa Sorigae akikuta kiumbe kimelowekwa kwenye soju, hawazi sayansi. Anawaza kiuno chake. Nyoka hulowekwa, nyigu hulowekwa, mizizi yenye umbo la mtu hulowekwa, na mke anayemjali mumewe ndiye anayeloweka. Pan-su alikuwa amewaonea wivu majirani zake miaka na miaka. Siku ya tatu, akitafuta kimchi, mkono wake ukagusa kichupa. Kisha kingine. Ishirini! Jamani, mzee alitokwa na machozi pale pale mbele ya jokofu.

Akavimimina vyote katika mtungi mmoja mkubwa ili nguvu ikae pamoja, akakoroga. Kikombe kidogo asubuhi, kikombe kidogo jioni. Minyoo wenyewe akawala mmoja mmoja kwa mafuta ya ufuta. Kufikia siku ya kumi alikuwa anapanda ngazi za ukumbi mbili mbili na kumsimulia kila aliyesimama.

Mama Jaeok alirudi na mkongojo. Hata koti hakuvua, akaenda moja kwa moja kwenye jokofu, akasukuma kabichi pembeni.

"Baba Jaeok. Vichupa vyangu viko wapi?"

Pan-su aliinamisha kichwa, ameona haya kama bwana harusi. "Mke wangu. Miaka arobaini na tatu ya ndoa, hujawahi kunilowekea hata tangawizi. Nimekunywa. Nasikia nguvu mpaka masikioni."

"Umekunywa?"

"Na kula."

"Umekula?"

"Kwa mafuta ya ufuta."

Mama Jaeok alikaa chini sakafuni, na goti lake jipya, akalia kwa sauti. "Umeninywea ushahidi wangu! Mwanamume wewe, umenitafunia miaka arobaini! Mimi matope siyakanyagi tena, nitaonyesha nini? Nitakufa naitwa mwongo!"

Pan-su alibaki na kikombe mkononi. Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini alikumbuka ile "Ee" yake, akakiweka kikombe chini.

Kesho yake Daktari Pyo alikuja, akaelezwa. Akauliza mtungi uko wapi. Chini kabisa kulikuwa na pombe ya kahawia, kina cha vidole vitatu. Akainusa.

"Msiimwage. Mnyoo aliyelowekwa huacha vinasaba ndani ya pombe. Nitaipima hii."

Wiki tatu baadaye alipiga simu, nayo ikawekwa kwenye spika mbele ya wanachama wote. "Ndani ya pombe ya mwenyekiti," sauti ikasema, "kuna minyoo ya aina mbili. Hilo halina ubishi."

Ukumbi mzima ukatazama kiganja cha Pan-su.

"Sawa!" alisema, amekificha mfukoni. "Aina ziko mbili, nakubali. Lakini nani kasema yeye anazijua? Labda alikuwa anatupa tu, huyu huku, huyu kule!"

Na Daktari Pyo, kwa huzuni, akakiri kwenye simu kwamba hilo hawezi kulipinga. Vyote vilimiminwa pamoja, hakuna tena wa kusema nani alitoka ndoo ipi. Mama Jaeok alihisi amechomwa moyoni. Minyoo kuwa aina mbili haikumsumbua kamwe, hilo alilijua. Alichotaka ni watu wakiri kwamba yeye alijua.

"Wachimbwe wengine," alisema katibu.

"Nani achimbe?" Wanawake wa ndoo moja moja wakatazamana. "Sisi hatushuki. Aliyekula ndiye atakayechimba!"

Hivyo ndivyo mwenyekiti Tak Pan-su alivyoingia matopeni kwa mara ya kwanza, umri wake miaka sabini na mmoja. Hatua ya nne alizama mpaka mapajani. Hatua ya tisa buti lilibaki, yeye akaendelea. Mama Jaeok alikaa kwenye ukingo juu ya kreti, ndoo mbili mbele yake, moyo unamdunda, maana hajawahi kumpima mnyoo aliyechimbwa na mtu mwingine.

"Anauma!" Pan-su alipiga kelele.

"Mshike nyuma ya kichwa, wewe! Mlete yu hai!"

Akawaleta, akitambaa. Mkewe akawapokea mmoja mmoja, macho kayafumba. Nyekundu. Buluu. Buluu. Nyekundu. Vichupa ishirini vilipojaa, Daktari Pyo, aliyerudi kijijini kwa ajili hiyo, alivipakata mapajani mpaka mjini.

"Nimemaliza," Pan-su alihema.

"Umemaliza nini? Na chambo cha wateja wangu nani atachimba? Utashuka mpaka majibu yaje."

Akashuka kila maji yalipokupwa, wiki tatu nzima. Majibu yalipofika, Daktari Pyo alikuja nayo mwenyewe. Ishirini kwa ishirini. Hakukosea hata mmoja.

"Bibi, mimi nina mashine ya kujaza chumba. Wewe unafanyaje?"

"Huyu wa nyekundu hujikunja kwanza ndipo aume. Wa buluu huuma papo hapo. Sasa mtu asiyewahi kuumwa atajuaje?"

Mchana ule, mezani, Mama Jaeok alitoa chupa ya sosi ya soya kwenye jokofu. "Leta kiganja."

Pan-su hakubisha. Aliunyoosha mkono, akafumba macho. Ulikuwa umevimba, umepasuka, una alama za meno kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo. Mama Jaeok akaumiminia sosi, baridi kabisa.

"Uwii! Inachoma!"

"Haijachemka hata."

"Inachoma kwenye vidonda!"

"Najua," alisema mkewe. "Kila mwaka nakukandia kimchi, chumvi na pilipili, kwa mikono ya hivyo hivyo. Ukila unasema imekosa ladha."

Akachovya kipande cha figili kwenye kiganja cha mumewe, akakila taratibu, akachovya kingine. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee, lakini mkono hakuurudisha mpaka mkewe alipomaliza kula.