Farasi wa Jirani na Treni Yetu Nyekundu

Miaka ile wazungu wa kampuni walikuwa wanarudi kwao mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliacha vitu barazani: masufuria, mapazia, viti. Mpishi wa nyumba ndiye aliyechagua kwanza. Ilikuwa desturi, hakuna aliyebisha. Bwana wa jirani yangu alikuwa mpishi. Bwana yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha Shituru, kwenye matangi ya shaba, na kule kwenye matangi hakuna anayekuachia kitu.

Basi jirani akapata farasi wa mbao wa kubembea. Alikuwa wa zamani, sikio moja limevunjika, rangi imetoka mgongoni pale batoto ya mzungu walipokuwa wanakaa. Lakini macho yake yalikuwa ya kioo. Nasema kweli, hata mimi niliyaangalia sana.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Tangu farasi yule aingie katika kambi yetu ya wafanyakazi, mutoto anaamka, ananawa nusu ya uso, anapotelea kule. Saa ya kula namwita, anajibu kwa sauti: "Niko nakula kwa mama!"

Kwa mama. Na mimi ni nani?

Jirani hakumwita, lazima niandike hivyo. Ila hakumfukuza pia. Alimpangusa kamasi kama wa kwake, na juu ya farasi akampa zamu sawa na batoto yake. Ningependa angekuwa mchoyo kidogo. Ingenisaidia.

Nikaanza kutafuta kitu cha kuchezea cha kumrudisha kwangu. Sokoni kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa Panda aliyetandika gunia chini na kupanga vitu vya nyumba za wazungu: vitasa, taa zisizo na kioo, bakuli za mbwa. Mara ya kwanza nilimkuta na mwanasesere asiye na macho, nikaogopa mutoto ataota vibaya. Siku nyingine, chini ya pasi za mkaa, nikaona kichwa cha treni cha chuma, ukubwa wa mkate, kutu kila mahali.

"Mzee, hii inatembeaka?"

"Mama, ilitembea weye hata haukuzaliwa. Sukuma."

Nikasukuma. Magurudumu yalilia lakini yalizunguka. Nilimpa kitenge changu kimoja, si kizuri sana, si kibaya.

Nyumbani nikakaa nyuma ya jiko nikiisugua na mchanga. Jirani akachungulia juu ya ua, akaniita yaya, yaani dada, kama kawaida yake.

"Yaya, uko nasugua nini?"

"Sufuria," nikasema, nikaifunika na nguo.

"Sufuria iko na magurudumu?" Akaenda zake akicheka.

Kutu ilikataa kutoka. Bwana yangu akasema, "Leta, minye nitaichovya." Watu wote wa matangi walijua hilo: kisu cha kutu ukikitia katika maji ya shaba, kinatoka kimepakwa shaba, chekundu, utasema ni kipya. Asubuhi akaondoka nayo. Hatukufikiri mbele. Kwenye mlango wa kiwanda hawamtazami anayeingia. Anayetoka ndiye anapekuliwa, na kinachotafutwa ni shaba.

Jioni akarudi mikono mitupu. Mulinzi alikuwa amemwita mwananchi kwa Kifaransa, akamwambia: "Sitwayen, shaba ya kampuni imejifunza kuwa treni?" Bwana yangu akaapa kwamba ni chuma. "Na minye niko askofu," akajibu mulinzi. Akaifungia kabatini, akasema alete mtu aliyeiona kabla haijawa nyekundu, na asiwe mtu wa nyumba yake.

Mzee wa Panda alikuwa ameenda Kambove kutafuta vitu vingine, na hakuna aliyejua atarudi lini. Alibaki mtu mmoja tu aliyeiona. Alikuwa jirani, na sikutaka. Halafu nikaenda kubisha hodi kwake.

Hakuniacha nimalize. "Ile sufuria?" akauliza. Akavaa kitenge chake cha kanisa, tukaenda.

Kwenye mlango wa kiwanda alisema kabla yangu. "Shefu, niliiona na macho yangu. Ilikuwa na kutu kama bati ya choo. Huyu yaya aliificha, lakini hajuake kuficha. Kwaruza, utaona."

Mulinzi akaitoa kabatini, akakwaruza na ufunguo. Chuma kikatokea, cheusi. Akacheka, akaiweka mikononi mwa jirani. Si mwangu, mwake. Yeye akanipa palepale, hilo pia naliandika.

Treni ilikuwa nzuri, nyekundu kama mawese. Binti yangu akaikumbatia.

"Ya minye?"

"Ya weye."

Nilifikiri sasa atakaa. Akaisukuma mara moja kwenye sementi yetu, akaibeba, akakimbia kwa jirani. Nikasikia batoto wakipiga kelele, na yule mama akicheka pamoja nao. Nikapika. Nikamwita aje kula.

"Mama, kuya weye! Farasi iko nangojea treni!"

Nilisimama na mwiko mkononi. Kwangu bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari inapoa. Mwishowe nikaifunika, nikaenda.

Jirani akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi. Bukari yake ilikuwa laini kuliko yangu. Labda ni unga, labda ni mkono. Binti yangu akakaa katikati yetu. Akakata tonge, akamlisha jirani. Akakata lingine, akanilisha mimi.

Niliangalia lipi lilikuwa kubwa. La jirani, kubwa kidogo kuliko langu. Lakini giza lilikuwa limeanza kuingia, sikuwa na nuru ya kutosha, pengine yalilingana.