Alama Nyekundu Ukutani

Wiki nzima niliwaza watoto kumi na wawili na shimo moja.

Nilikuwa nimejitolea kusaidia klabu ya akiolojia ya vijana huko Kibera, mimi ambaye akiolojia yote niliipata nikipiga deki kwenye jumba la makumbusho, masikio yakiwa kwa wataalamu. Jumamosi tungechimba kwa mara ya kwanza, kwenye kishamba cha mama mmoja muuza sukuma wiki wa mtaa wa Silanga, humo humo Kibera, nyuma ya nyumba yake ya mabati. Alikuwa amekubali bila maswali mengi. Mimi niliogopa kila kitu: mtoto ajikate na mwiko wa fundi, tukose hata kigae kimoja, wanione bure kabisa.

Ijumaa mchana nilitembea kutoka Kawangware kwenda kuandaa mahali pa kuchimba. Mama alikuwa sokoni. Nikapigilia vigingi vinne, nikavuta kamba. Wachimbaji huhitaji pia alama moja isiyosogea, vipimo vyote vianzie hapo, nami nikaona ukuta wa nyumba hauendi popote. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu iliyobaki. Nikachora X kubwa, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake tulifika na watoto saa tatu asubuhi. Kitanda kilikuwa nje. Godoro, jiko, masufuria, vyote nje. Nusu ya paa ilikuwa imeshaondolewa, na mama mwenyewe alikuwa amesimama juu ya meza aking'oa misumari.

"Madam, kwani anahama?" msichana mmoja akaniuliza.

Nani katika Nairobi hii asiyejua X nyekundu ukutani ni ya nini? Mimi nilijua vizuri sana. Siku ile tu nilisahau, kichwa kimejaa vipimo.

"Mama," nikasema, "hiyo X ni yangu. Ni ya klabu. Hakuna mtu anakuja kubomoa."

Aliniangalia, nyundo mkononi. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Ile mara ingine tingatinga ya serikali ilikunja mabati yangu yote. Nikasema hii mara siwangojei." Akashuka polepole. "Si ungeniambia tu?"

Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Hatukuchimba. Watoto walinyoosha misumari kwa mawe, wakubwa wakashika mabati, nami nikaisugua X kwa mafuta ya taa hadi vidole vikachubuka. Rangi haikutoka. Nikaahidi kuleta bati jingine wiki ijayo. Mama akasema mvua haitangoja bati langu. Akalichukua lile lenye alama, akaligeuza, akalipigilia tena.

Kwa nje ukuta ulikuwa safi. Kwa ndani, X ilitazamana na kitanda chake.