Gora la Nyavu Chakavu

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika, Somanga, tukingoja khanga ambazo hazikuja. Badala yake alikuja bwana mtaalamu na gora la kitambaa cheusi kinachong'aa. Alisema kimetengenezwa kwa nyavu chakavu za nailoni, zile zisizooza hata ukizifukia.

"Ndugu wananchi, taka zetu ndizo mavazi yetu!" alitangaza akiwa amesimama dirishani, akavuta sigara yake, kisha akaurudisha mkono nje ya dirisha.

Bibi mmoja mbele yangu hakupiga makofi. Alikibinya kile kitambaa, akakinusa, akachomoa uzi mmoja.

"Mwanangu, niazime hiyo sigara."

Mtaalamu alisitasita. Alilisogeza gora kando kwanza, ndipo akampa.

Bibi aliugusisha uzi kwenye moto. Mama zetu hupima nguo hivyo, maana pamba huacha majivu. Ule uzi ulijikunja, ukadondosha tone jeusi lililoganda mezani kama lami.

"Mimi napikia kuni," alisema. "Cheche ikinirukia, nguo hii nitaivua pamoja na ngozi?"

"Bibi, tusiyaogope maendeleo."

"Siyaogopi, baba. Mkeo umeshamshonea?"

Mtaalamu alicheka peke yake, akachukua sigara yake, akarudi dirishani.

Hapo ndipo nilipozinduka. Muda wote ule mkono wake ulikuwa nje, mbali na gora, nami nilikuwa nikimsifu moyoni kwa adabu ya kutotufukizia moshi.