Mayai mawili ya mwisho ya Borafya

Saa moja kasorobo asubuhi, Borafya Silima amechutama mbele ya sanduku la mbao lililofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake hanao. Ndani, kwenye mchanga, yamebaki mayai mawili ya kobe. La kumi na tatu lina ufa tangu jana jioni, na kupitia wavu wa juu pua ndogo inaonekana ikihema. Miaka kumi na tisa ameifanya kazi hii, na leo ni marufuku kugusa.

"Mmoja akitoka mweupe, nshaokoka," anasema bila kugeuka. "Wakitoka weusi wote wawili, mimi mwizi."

Borafya, mwenye umri wa miaka 54, ni mzaliwa wa Tumbatu anayeishi Bububu na mkewe na watoto wanne. Kwa mshahara wa shilingi 320,000 kwa mwezi, analea kobe kwenye bustani ya mtu binafsi karibu na Mangapwani. Jike likishataga, yeye hufukua mayai, akalitia kila moja alama ya penseli upande wa juu, kisha akayahamishia sandukuni bila kuyageuza, maana yai likigeuzwa mtoto hufa.

Mwaka huu jike kubwa lilitaga mayai kumi na manne. Baada ya miezi mitano, watoto saba wa kwanza walitoka weusi, kama ndugu zao wa miaka yote. Watano waliofuata, walioanguliwa siku moja, walikuwa weupe, wa rangi ya andazi.

Borafya alifurahi kupita kiasi, na furaha ikamponza. Badala ya kumwita mtu ashuhudie, aliwaosha kwenye beseni, akayafukia maganda ardhini kama alivyozoea, ndipo akaenda kumwonyesha tajiri wake watoto safi, wasio na dalili hata moja ya yai walilotoka.

Tajiri huyo, Bwana Suhaib, aliyeirithi bustani kwa baba yake, aliingiwa na hofu. Bei ya mtoto mmoja wa kobe kwa wauzaji wa magendo hupita mshahara wa Borafya wa miezi miwili, na mtoto akipotea, kibali cha bustani nacho kinaweza kupotea. Akaamini kwamba weusi watano wameuzwa, na hawa weupe wameletwa kutoka bara kuziba pengo.

Aliwakusanya wafanyakazi wengine wote tisa uwanjani, akaleta Msahafu, akamtaka Borafya ale yamini kwamba hakuwauza. Borafya akakataa.

"Baba yangu aliogopa yamini ya kweli kama ya uongo," anaeleza. "Msahafu siushiki kwa habari ya kobe. Nlimwambia, nikate mshahara, nipeleke polisi, lakini hilo sifanyi."

Watu tisa wakaangaliana, na kila mmoja akaelewa alivyotaka kuelewa. Suhaib akachukua funguo, akaweka kufuli yake, akasema watasubiri mayai mawili yaliyobaki.

Leo ni siku ya nane. Mkewe Borafya ameacha kwenda dukani, amechoka kuulizwa. Bi Nasima, anayeuza tiketi langoni, anasema yeye angeapa mara moja akarudi kazini, lakini Borafya ni mtu wa kurudisha hata chenji ya soda.

Daktari wa mifugo, Bi Ulfat, aliulizwa kwa simu. Alieleza kwamba jike la kobe huweza kuhifadhi mbegu za madume zaidi ya mmoja, hivyo watoto wa shimo moja wakawa na baba tofauti na rangi tofauti. Bi Nasima alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini daktari aliongeza kuwa hawezi kumsafisha mtu kwa jambo ambalo hakuliona.

Saa nne, yai la kumi na tatu linapasuka lote. Mtoto ni mweusi.

Borafya anakwenda kutia udhu ingawa adhuhuri bado mbali. Kata ya maji inamwangukia miguuni.

Saa tisa na robo, mchanga unatikisika tena. Suhaib anafungua kufuli mwenyewe, anaingiza mkono, anamtoa mtoto ambaye kipande cha ganda bado kimemng'ang'ania mgongoni, alama ya penseli ikionekana. Chini ya ganda, mgongo ni wa rangi ya andazi.

Borafya anakaa chini palepale, analia mbele za watu, wala haoni haya.

Baadaye Suhaib alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi. Alimpa funguo na nyongeza ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Borafya alimshukuru, akaziacha funguo mezani.

"Nlituhumiwa uwanjani, watu tisa wanasikia," anasema. "Radhi napewa chumbani, mlango umefungwa. Mke wangu atawaambia nini watu wa dukani?"

Suhaib amejibu kwamba atafikiri.

Jumamosi, kabla lango halijafunguliwa, wafanyakazi wote watakuwepo. Borafya amepanga kwenda kusimama palepale aliposimamishwa siku ile.

"Akiisema radhi hiyo mbele yao, ntachukua funguo, ntafanya kazi mpaka nguvu ziniishe," anasema. "Asiposema, ntawaaga wale watoto kumi na wanne, nrudi kwetu Tumbatu."